Sura ya Nne: Kinachomngoja Anayerudi

Kisiwani Pemba, kijana akizidiwa na unga, au akili ya mtu ikivurugika hadi nyumba ishindwe kulala, ushauri wa kwanza wa wakubwa huwa ni safari. Atapakiwa boti Mkoani au Wete apelekwe Unguja, kwenye nyumba ya upataji nafuu ambayo watu wengi huiita soba, au kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Pengine atapelekwa kwa mganga wa kijiji cha mbali, pengine kwa mjomba Tanga au Dar es Salaam, na kama ameiba sana huenda akaishia Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani. Njia hizi hazifanani kwa gharama wala kwa nia, lakini zote humwondoa mgonjwa machoni mwa watu. Jamaa hupumua, majirani hupumua, na kila mtu huhesabu kuwa tiba imeanza. Hoja ya sura hii ni kwamba tumeweka nguvu nyingi mno kwenye safari ya kwenda na kidogo mno kwenye siku ya kurudi, ilhali ushahidi wa zaidi ya nusu karne, kutoka nchi za mbali na kutoka Zanzibar yenyewe, unaonyesha kwamba kupona au kuanguka tena huamuliwa zaidi na kinachomngoja mtu anaporudi kuliko na kule alikotolewa sumu mwilini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Heroini, ndiyo huo unga, hukaa kwenye vipokezi vya ubongo ambavyo mwili umejiwekea kwa ajili ya kutuliza maumivu na kuleta faraja. Mtumiaji akizoea, ubongo hupunguza uwezo wake wa kujituliza wenyewe, na kete iliyotosha mwezi uliopita haitoshi tena mwezi huu. Dawa ikikosekana, saa nane hadi kumi na mbili tu baada ya dozi ya mwisho arosto huanza: jasho, miayo, kuumwa na viungo, kuharisha, kukosa usingizi. Huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na kwa kawaida wiki moja au zaidi kidogo hutosha kuimaliza. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Mwili umetulia, mtu anakula na kunenepa, na jamaa wanasema amepona. Lakini ubongo umejifunza jambo ambalo hausahau kwa wiki moja. Harufu ya mahali, sura ya rafiki wa maskani, fedha mkononi, ugomvi wa nyumbani, kila kimoja kinaweza kuiamsha hamu ambayo mwenyewe alidhani imekufa. Kumaliza arosto ni kumaliza sehemu fupi kuliko zote za ugonjwa, ingawa ndiyo inayotisha zaidi kutazama.

Tena ugonjwa huu mara nyingi hauji peke yake. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1990 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wenye matatizo ya dawa za kulevya, asilimia 53, waliwahi pia kuwa na ugonjwa mwingine wa akili. Mambo haya hupandana kutoka pande zote mbili. Mwaka 1985 daktari wa akili Edward Khantzian alitoa hoja kwamba wengi hawatafuti starehe wanapotumia dawa, wanajitibu maumivu ya ndani ambayo hakuna aliyewauliza habari zake. Kwa upande wa pili, dawa yenyewe inaweza kuharibu akili: utafiti wa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini Sweden, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kuwa waliovuta bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kupata skizofrenia miaka iliyofuata. Kwa hiyo nyumba inayobishana kama kijana amerukwa na akili kwa sababu ya bangi, au anavuta bangi kwa sababu akili ilikwisha kumsumbua, inabishana juu ya swali ambalo mara nyingi lina majibu mawili ya kweli kwa wakati mmoja.

Na Pemba haikosi sababu za maumivu. Januari 2001, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, zaidi ya watu 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao kisiwani humu, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi; miili iliyopatikana ilikuwa mia mbili na kitu, na waliokosekana ni wengi kupita hao. Kuna familia ambazo hazikupata hata kaburi la kuzuru. Sisemi kwamba kila kijana wa maskani ameingia huko kwa sababu ya msiba. Ninachosema ni kwamba katika kisiwa chenye watu 543,441 kwa sensa ya 2022, majonzi yaliyoingia nyumba nyingi kiasi hicho, na ambayo wachache sana walipata mtu wa kuyasikiliza, ni sehemu ya historia ya afya ya akili ya hapa. Kumtibu mtu unga bila kumwuliza anakimbia nini ni kumrudisha palepale alipoanzia.

Heroini ilianza kuenea pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1980, na imeendelea kuja kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ikiwa njiani kuelekea masoko ya mbali. Sehemu yake hubaki njiani. Zanzibar ilichelewa kukiri tatizo, lakini ilipoamka ilijibu kwa namna ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Mwaka 2009 watu walioacha heroini wenyewe walianza kufungua nyumba za upataji nafuu Unguja, wakifuata hatua 12 zilizozaliwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya walevi wa pombe; nyingine zikafuata. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, na Februari 2015 huduma hiyo ikafika Zanzibar, hapo Kidongo Chekundu. Kulikuwa na sababu ya haraka: uchunguzi wa mwaka 2007 na ule wa 2012 ulikuta VVU kwa wanaojidunga Zanzibar ni asilimia 16 na asilimia 11.3, wakati kwa wananchi kwa jumla ilikuwa karibu na asilimia moja. Haya yote ni mafanikio ya kweli. Swali ni kwa nini, pamoja na mafanikio hayo, mzazi wa Pemba huweza kumpeleka mwanawe mara ya pili, ya tatu na ya nne, na kila mara akarudi amenawiri, na kila mara akaanguka.

Jibu la kwanza limo kwenye historia ya hospitali moja. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua Lexington, jimbo la Kentucky, taasisi kubwa ya kutibu waraibu, katikati ya mashamba, mbali na miji walikotoka. Walilishwa vizuri, wakafanya kazi za shamba, wakaondolewa dawa mwilini. Mwaka 1962 watafiti Hunt na Odoroff walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,900 waliotoka huko na kurudi New York. Zaidi ya asilimia 90 walirudi kwenye uraibu, wengi wao ndani ya miezi sita. Miaka kumi baadaye mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam, ambako karibu mmoja kati ya watano alijiona amekuwa mraibu wa heroini. Watu waliogopa wimbi la mateja katika kila mji. Robins akakuta kwamba kati ya wale waliokuwa waraibu Vietnam, asilimia tano tu walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani, na asilimia 12 katika miaka mitatu. Dawa ni ile ile, ubongo wa binadamu ni ule ule. Mgonjwa wa Lexington alitolewa dawa ugenini akarudishwa kwenye mtaa uliomfundisha kutumia. Askari alijifunza kutumia ugenini akarudi kwenye nyumba, kazi na watu ambao hawakuijua heroini. Tofauti yao kubwa ilikuwa mahali pa kurudi.

Msomaji makini atakamata hoja hii na kuigeuza. Kama mazingira ndiyo yanayoamsha hamu, basi kijana asirudi Pemba kabisa; akae Unguja, au aende Oman akatafute maisha. Ushauri huo una ukweli ndani yake, na kwa mtu mmoja mmoja huenda ukafaa. Lakini hauwezi kuwa mpango wa kisiwa. Kwanza, unga uko tele zaidi Unguja mjini na Dar es Salaam kuliko Chake Chake, kwa hiyo kumwacha mtu huko bila kazi na bila ndugu ni kumweka karibu zaidi na anachokikimbia. Pili, matokeo ya Robins hayasemi kwamba umbali huponya. Askari wale walipona kwa kurudi kwao, na huko kwao walikuwa wana wa watu, waume wa watu, wafanyakazi wenye majina. Tatu, watu hurudi. Mama ataugua, harusi itakuja, msimu wa karafuu utaita, na mtu atashuka bandarini Mkoani siku moja iwe tumejiandaa au hatujajiandaa. Kwa kuwa kurudi hakuzuiliki, kilichobaki ni kukubadilisha anakorudi.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa siku hiyo, nayo ni ya mwili. Mtu aliyekaa miezi bila heroini amepoteza ule uzoefu uliomwezesha kuvumilia dozi kubwa. Akirudi maskani akachukua kiasi alichokuwa akichukua zamani, kinaweza kumzimisha pumzi. Uchunguzi wa wafungwa zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza nje uwezekano wao wa kufa ulikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa. Ushahidi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha pia kwamba vifo vya watu walioacha matibabu ya methadoni vilikuwa takriban mara tatu ya vifo vya waliokuwa ndani ya matibabu. Hii maana yake ni kwamba kumtoa mtu dawa mwilini na kumrudisha bila maandalizi kunaweza kuwa hatari kuliko kumwacha alivyokuwa. Ni jambo gumu kumwambia mzazi aliyeuza ng'ombe kulipia soba, lakini ni bora alisikie kabla ya boti kutia nanga. Na aliye nyumbani ajue dalili za aliyezidiwa: hazinduki akiitwa, anapumua kwa shida au anakoroma, midomo inageuka rangi. Huyo apelekwe hospitali mara moja, wala asiachwe alale hadi asubuhi. Dawa ya naloksoni, ikipatikana kituoni, humrudishia pumzi kwa dakika chache.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Miaka ya 1950 jijini London, mtafiti George Brown aligundua jambo lililowashangaza madaktari: wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali na kurudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena haraka kuliko waliokwenda kupanga vyumba au kukaa na kaka na dada. Alipochunguza zaidi, akakuta tofauti iko kwenye namna watu wa nyumbani wanavyomsema mgonjwa. Katika utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1972, nyumba zilizojaa lawama, chuki au kumwingilia mgonjwa kila hatua zilishuhudia asilimia 58 wakirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi tisa. Nyumba tulivu, asilimia 16. Matokeo ya namna hiyo yamejirudia katika nchi nyingi, na yanatupa onyo muhimu: nyumbani si dawa kwa sababu tu ni nyumbani. Ndugu wa damu anaweza kuwa tiba na anaweza kuwa sumu, na mara nyingi mwenye kuumiza zaidi ni yule anayependa zaidi, anayelia kila siku, anayenusa nguo, anayekumbusha kila senti iliyopotea.

Hapa Zanzibar ina cha kuufundisha ulimwengu. Juli McGruder, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa Unguja miaka ya 1990 na kuzifuatilia kwa karibu familia chache zenye wagonjwa wa skizofrenia. Alikuta nyumba ambazo ugonjwa ulichukuliwa kuwa mtihani wa Mungu au kazi ya pepo, na kwa sababu hiyo mgonjwa hakulaumiwa kama aliyejitakia. Akitulia, alipewa kazi za nyumbani kama wengine. Akichafukwa, aliachwa apumzike bila makelele, na siku iliyofuata hakuna aliyemkumbusha. Upole huo haukutoka kwenye semina yoyote. Ulikuwa adabu ya watu. Familia chache haziwezi kuthibitisha kila kitu, na McGruder hakusema kwamba kila nyumba ya Zanzibar iko hivyo. Lakini kinachofaa kutazamwa ni kwamba upole tunaompa aliyerukwa na akili huwa hatumpi teja. Huyu wa kwanza tunasema kapatwa. Yule wa pili tunasema kajitakia. Sayansi ya uraibu inatuambia kuwa mpaka huo hauko wazi kiasi tunachodhani. Kete ya kwanza huenda ilikuwa hiari. Ya mia tano haikuwa hiari kwa maana ile ile.

Pingamizi la pili ni zito na lina haki ya kusikilizwa. Teja ameuza simu ya mama yake, ameiba mabati ya jirani, amempiga mdogo wake. Kumpokea kwa upole, wanasema, ni kumtuza mkosaji na kuwadhulumu waliokaa kimya na adabu zao. Jibu ni kwamba nyumba tulivu katika utafiti wa Brown haikuwa nyumba isiyo na mipaka. Kumpokea mtu si kumpa funguo za sanduku. Mzazi anaweza kukataa kabisa kumkabidhi fedha, anaweza kumtaka alipe alichoiba kidogo kidogo kwa kazi, anaweza kumwambia kwamba akipiga mtu atashitakiwa, na yote haya akayasema kwa sauti ya kawaida, mara moja, bila matusi. Kinachoharibu ni kumtangaza mwizi kila wageni wanapokuja, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuitwa mwizi mbele ya kijiji kizima hana tena jina la kulinda. Na mama mwenyewe anahitaji wa kumpumzisha. Aliyeangalia mgonjwa miaka kumi peke yake atafoka, si kwa ubaya wake, ila kwa kuchoka. Zamu ya ndugu wengine ni sehemu ya matibabu sawa na kidonge.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanaoamini kuwa haya yote ni mambo ya majini na hasadi, na kwamba hospitali haina lake. Pemba ina sifa ya uganga inayojulikana pwani nzima, na mwandishi anayeanza kwa kuwacheka watu kwa imani yao atafunga kitabu kabla hawajafungua. Kombe, kisomo na dua humpa mgonjwa na jamaa zake utulivu na matumaini, na humweka ndani ya mzunguko wa watu wanaomjali. Kwa kipimo cha Brown, hayo yana thamani. Ubaya uko kwenye mambo mawili yanayoweza kutajwa wazi. Moja ni kumfunga mtu minyororo, kumpiga au kumnyima chakula, vitendo ambavyo havina utetezi. La pili ni kumkataza dawa ya hospitali, au kuchelewesha miezi na miaka, ilhali skizofrenia inayoachwa bila matibabu kwa muda mrefu huwa ngumu zaidi kutulizwa. Stara nayo huingia hapa. Kumsitiri mgonjwa na masengenyo ni wema, lakini stara inayomficha hata kwa daktari humgeukia. Mganga au shehe anayesoma kisha akasema, sasa mpelekeni kituo cha afya, huenda akawa na uzito kuliko bango lolote la Wizara ya Afya.

Wapo pia wanaosema methadoni ni kumtoa mtu kwenye haramu moja kumwingiza kwenye nyingine. Tofauti ni ya kimatendo. Heroini hudumu mwilini saa chache, humpandisha na kumshusha, na humlazimisha kutafuta fedha mara tatu au nne kwa siku. Methadoni hunywewa mara moja, mbele ya mhudumu, hudumu siku nzima, haimleweshi aliyepimiwa sawasawa, na humwacha afanye kazi na kulea watoto. Kwa kuwa ni dozi moja ya siku, hata Ramadhani saa yake inaweza kusogezwa baada ya futari. Muhimbili ilionyesha mapema kwamba zaidi ya nusu ya walioanza walikuwa bado kwenye matibabu mwaka mmoja baadaye, jambo lisilo dogo kwa watu waliosemwa hawatulii mahali. Lakini dawa ya kila siku inafichua tatizo la kisiwa: haiwezi kufuatwa kwa boti. Hata ndani ya Pemba, mtu wa Makangale hawezi kulipa nauli ya Chake Chake kila alfajiri na bado akapata muda wa kuvua. Mpango wowote wa methadoni unaomtaka mgonjwa ahame kwao ili atibiwe unarudisha kosa la Lexington kwa jina jingine.

Pingamizi la mwisho ni la wahasibu. Madaktari bingwa wa akili ni wachache Tanzania nzima, na Pemba haiwezi kusubiri hadi kila wilaya ipate wake. Zimbabwe ilikuwa na uhaba kama huo mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alipoanza kuwafunza bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu kwa utaratibu: taja shida zako, chagua moja, tafuta hatua moja, rudi utuambie. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa karibu asilimia 14 ya waliokaa na bibi, na kwa karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi haliponyi uraibu wa heroini wala skizofrenia, na hakuna aliyedai hivyo. Linathibitisha kitu chenye mipaka lakini kikubwa: kazi ya kusikiliza na kufuatilia, iliyofundishwa vizuri na kusimamiwa, inaweza kufanywa na watu ambao kijiji tayari kinao. Pemba ina wahudumu wa afya wa jamii, ina walimu wa vyuo vya Kurani, ina masheha wanaojua kila nyumba, na ina mabibi wasiohesabika.

Tukiunganisha ushahidi huu, maandalizi ya kurudi yanaanza kuonekana, na si ya gharama kubwa. Yaanze kabla mgonjwa hajaondoka. Nyumba ya soba au hospitali ijue nani atampokea bandarini, na huyo mtu aelezwe dalili za hatari. Tarehe ya kurudi ijulikane kituo cha afya kilicho karibu, ili wiki mbili za kwanza asipite siku tatu bila kuonwa. Kama ana dawa za akili, akute zipo pale shehiani, maana dawa iliyokatika kwa kukosa nauli ni dawa iliyokatika. Apate kazi ndani ya mwezi, hata ndogo, na mwajiri akubali kumlipa kupitia kwa ndugu aliyemchagua mwenyewe. Msimu wa karafuu hapa unahitaji kufikiriwa peke yake: mchumaji hulipwa kwa pishi, fedha huingia kwa mkupuo, wageni hujaa mashambani, na wauzaji wa kete wanalijua hilo vizuri. Kwa aliyetoka soba mwezi wa nyuma, huo ndio wakati wa kuwa na mtu karibu. Na asisahauliwe mwanamke. Nyumba nyingi za upataji nafuu zimejengwa kwa ajili ya wanaume. Mwanamke anayetumia hujificha zaidi, huaibishwa zaidi, na akirudi hupata talaka kabla ya salamu. Mpango unaomwacha nje umewaacha na watoto wake nje.

Polisi na Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya waendelee kumwandama anayeingiza na kuuza, maana kila kete inayokosekana mtaani hurahisisha siku ya anayejaribu kuacha. Lakini kifungo cha mtumiaji kisihesabiwe kuwa tiba, kwa sababu kina kasoro zote za safari tulizozitaja, na takwimu za Washington zinaonyesha mlango wake wa kutokea ulivyo.

Imebaki namna ya kupima. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Thomas McLellan walilinganisha uraibu na maradhi mengine ya kudumu, wakakuta kwamba kurudiwa baada ya matibabu, kwa watu 40 hadi 60 katika kila 100, hakuzidi kule kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu. Mgonjwa wa presha akipanda tena hatusemi hospitali imeshindwa wala hatumfukuzi. Tunamwuliza kama anakunywa dawa na tunambadilishia. Tukimtazama teja kwa jicho hilo, anguko la pili linakuwa habari ya kufanyia kazi: lilitokea wiki ya ngapi, baada ya ugomvi gani, dawa gani ilikuwa imekwisha, fedha ilitoka wapi. Shehia inayoandika majibu ya maswali hayo kwa mwaka mmoja itajua kuhusu uponaji zaidi ya inayohesabu tu ni vijana wangapi wamepelekwa Unguja. Na itagundua kwamba sehemu kubwa ya yanayoamua matokeo yako mikononi mwake, yalikuwa mikononi mwake tangu mwanzo, na hayahitaji kusubiri boti.